Fungu la jirani litoke likiwa bichi, tarehe 24

Mnaopanda Moshi Krismasi hii, iwe Rombo, Marangu au Kibosho, kuna kitu nimejifunza kwa shangazi yangu. Mkichinja mbuzi tarehe 24, kabla hata supu haijabandikwa, toa fungu la yule jirani ambaye watoto wake hawaji mwaka huu, nyama mbichi kilo moja hivi na mchele na mafuta kidogo, mpe mtoto apeleke jioni hiyohiyo kabla ya ibada ya mkesha. Ukisubiri mpike mle kwanza, wageni wanamiminika, mbege, ile pombe ya ndizi, inazunguka, na kinachomfikia bibi wa watu ni mifupa na pilau lililopoa saa kumi na mbili jioni, tena kwenye mfuko wa plastiki jamani. Ikifika mbichi anapika mwenyewe na jiko lake linatoa moshi sikukuu kama majiko mengine, akipita mgeni naye ana cha kumkaribisha. Na mtoto asikae kusubiri ashukuriwe, asalimie shikamoo, akabidhi, arudi. Vitu vya dukani nunua mapema pale soko la Mbuyuni, Moshi mjini, wiki ya mwisho kunabanana balaa.

Inapogoma sasa: kama mzee hana nguvu ya kupika au hana kuni, nyama mbichi unamwongezea kazi tu, huyo mwalikeni kwenu au mpelekeeni mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, wa moto asubuhi kabla hamjaenda kanisani.