Kupima kotisoli kwenye singa za mkia wa ng'ombe

Damu inakuonyesha hali ya ng'ombe dakika hii tu, na kule kumfunga kamba peke yake kunatosha kuipandisha kotisoli, homoni ya msongo. Singa zimebeba homoni iliyoingia tangu zilipoanza kuota. Kwa msongo wa muda mrefu, kama wa kwato bovu au banda lililosongamana, pima singa.

1. Nyoa ncha ya mkia kwa mashine hadi karibu na ngozi. Rudi baada ya wiki 6 hadi 8, unyoe zilizoota. Usizing'oe, kwani mzizi huja na tishu. Miligramu 250 zinatosha. Chagua rangi moja kwa kundi zima. Kwa Friesian chukua nyeupe, maana nyeusi na nyeupe za ng'ombe yuleyule hutoa namba tofauti. Hifadhi kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu penye giza.

2. Osha. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mkia unalowa mavi na mkojo kila siku, na vyote viwili vina homoni zinazoweza kupenya hadi ndani ya usinga. Kilichokwisha kupenya hakuna sabuni itakayokitoa, kwa hiyo sampuli iliyogandamana mavi itupe, usiihurumie. Zilizobaki, mimina isopropanoli (aina ya alkoholi) mililita 5, tikisa taratibu dakika 3, mwaga. Fanya hivyo mara 3. Usitumie methanoli hapa, kwa sababu huivuta na kotisoli ya ndani unayoitafuta. Maji ya mwosho wa mwisho usiyamwage: yakaushe, uyapime. Ukikuta kotisoli nyingi, chukua sampuli moja ya majaribio uioshe mara 5 na kupima kila mwosho. Namba zikishuka kisha zikatulia, ulikuwa unatoa uchafu. Zikishuka halafu zikapanda, umeanza kuiba ya ndani, punguza miosho. Kisha anika kwenye joto la chumba siku 5 hadi 7. Singa zenye unyevu hazisagiki, na unga ukishasagwa hauoshwi tena.

3. Saga kwa kinu cha gololi, kwa vipindi vifupi ili kisipate moto. Mkasi siupendekezi: vipande havilingani, na majibu huyumba. Ukipapasa unga ukahisi vijinyuzi, endelea kusaga.

4. Miligramu 50 za unga, methanoli mililita 1, zungusha polepole saa 24. Tenganisha kwa sentrifuji, chukua mililita 0.6 za juu, kausha kwa naitrojeni kwenye nyuzi 38 ndani ya kabati la kufyonza hewa. Mvuke wa methanoli ni sumu. Yeyusha tena kwa bafa (kimiminika cha kupimia) mililita 0.25.

5. Pima kwa seti ya ELISA (kipimo kinachotumia kingamwili) iliyotengenezwa kwa ajili ya mate, inayosoma viwango vidogo, visima viwili kwa kila sampuli. Kwanza zimua mchanganyiko wa sampuli mara 2, 4 na 8: mstari wake usipokwenda sambamba na wa viwango vya kulinganishia, seti hiyo haifai kwa singa.

Hesabu: ELISA ikisoma pikogramu 200 kwa mililita, 200 × 0.25 = 50. Gawanya kwa 0.6, maana hukukausha mililita nzima (hapa wengi husahau), upate 83.3. Gawanya kwa miligramu 50 za unga: pikogramu 1.67 kwa miligramu.