Prosesa ya mtoto ikizima ghafla, anzia hapa kabla hujakata tiketi ya Dar

Wazazi wenzangu wa Moshi na Arusha mliowawekea watoto implanti ya sikio, kile kifaa kinachopandikizwa ndani ili asiyesikia asikie, hii nawaandikia nyinyi. Mwezi uliopita asubuhi tunajiandaa kwenda shule binti yangu akanivuta kanga akagusa kichwa akasema mama imezima, yaani prosesa, ile mashine ya nje anayovaa sikioni. Nikachanganyikiwa, nikakimbilia stendi, nauli ya watu wawili mpaka Dar, siku mbili za kazi zikaenda, kumbe ni waya wa koili tu, na wa akiba ulikuwa kabatini nyumbani tangu siku tuliyopewa boksi. Iliniuma sana, maana siku mbili zile mtoto alikaa kimya bila sababu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuijua njia ya sauti. Maiki iliyo juu ya sikio inadaka sauti, prosesa inaichambua kuanzia nene mpaka nyembamba, inapita kwenye waya hadi koili, ile duara inayonasa kichwani kwa sumaku, na koili inarusha vyote viwili, sauti na umeme, kwa mawimbi ya redio kupita kwenye ngozi. Kile cha ndani hakina betri kabisa, kinaishi kwa kinachorushwa na koili, ndo maana koili ikichomoka tu mtoto hasikii kitu. Toka hapo umeme unaenda kwenye elektrodi, vile vincha vidogo vya kutolea umeme, zilizoingizwa ndani ya kokilea, ile sehemu iliyojikunja kama nyumba ya konokono, zinaiamsha neva ya kusikia, ubongo unasikia. Elektrodi zinakuwa 12, 16 au 22 kutegemea kampuni, za karibu na mlango zinabeba sauti nyembamba na za ndani kabisa zinabeba nene.

Hizo elektrodi nyingi ndo zilileta maneno. Mwaka 1957 kule Paris Djourno na Eyriès walimwekea mgonjwa waya, akasikia mlio na mdundo lakini mazungumzo hakuweza kuyafuata. Daktari mmoja wa Australia, Graeme Clark, ambaye baba yake mwenyewe alikuwa na shida ya kusikia, alihangaika namna ya kupitisha kamba ya elektrodi kwenye kile kikonokono bila kukiumiza, mpaka siku yuko ufukweni akachukua kombe na jani la nyasi akaona jani lenye ncha laini na shina gumu linateleza lenyewe hadi ndani. Mwaka 1978 akamfanyia mgonjwa wake wa kwanza Melbourne. Mi kila nikimsuka binti yangu nikagusa kile kinundu kidogo cha implanti nyuma ya sikio namkumbuka huyo daktari na kombe lake. Hapa kwetu Muhimbili walianza 2017, kabla ya hapo ilikuwa ni kupelekwa nje, India hasa.

Sasa ikizima, fuata njia hiyo hiyo. Anza na betri maana mara nyingi ni hiyo, weka nyingine unayojua imejaa chaji, na kama umeme ulikatika usiku usiamini kwamba ilichaji. Zile za kutupa za 675 zinahitaji hewa, ukitoa stika iache dakika chache ndo uiweke, na usiziweke karibu na sarafu kwenye pochi. Ukimaliza betri angalia koili imenasa, kama inadondoka ovyo labda nywele zimesukwa nene pale kwenye sumaku, mwambie msusi aache hapo pembamba. Ila usikimbilie sumaku kali zaidi, ngozi ikiwa nyekundu au inauma pale iondoe na uwaone wataalamu. Halafu waya, huo ndo unaokufa kwanza kwa watoto, unakatikia ndani pale unapoingia kwenye koili na kwa nje hauonyeshi kitu. Badilisha na wa akiba. Wa kwetu niliumaliza mimi mwenyewe na helmeti ya bodaboda, kila asubuhi naivalisha juu ya koili naivuta. Siku hizi tunavua prosesa kwanza, inaingia kwenye kiboksi, ndo helmeti.

Kuna hali nyingine ngumu kuijua, mashine inawaka lakini mtoto anasikia nusu. Binti yangu alianza kusema "ukari" badala ya sukari, "amaki" badala ya samaki, nikadhani ni utoto. Ilikuwa vumbi la kiangazi limeziba kifuniko cha maiki, na vumbi linaanza kumeza sauti nyembamba kama s. Nikabadilisha kifuniko, jioni ile ile s ikarudi. Toka siku hiyo kila asubuhi kabla ya chai nakaa nyuma yake asione mdomo wangu natamka sauti sita tu: m, uu, ii, aa, sh, s, anarudia. Inachukua dakika moja na inakuambia ni sauti zipi zimepotea, nene au nyembamba.

Masika huku Moshi ni unyevu mtupu, kwa hiyo usiku prosesa ilale kwenye kopo linalofunga vizuri lenye silika jeli, chukua zile punje zinazobadilika rangi ili ujue zimeshiba maji. Betri za 675 usizifungie humo, zitakauka. Mchele usiweke, una unga unaoingia kwenye vitundu. Kuoga na kuogelea anavua, labda awe na kava yake maalum ya maji.

Ukijaribu yote bado kimya, usiifungue na usimpelekee fundi wa simu hata awe rafiki yako. Andika taa inawaka rangi gani, ilizima saa ngapi, umeshabadilisha nini, mpigie mtaalamu wa usikivu aliyemset mtoto, kwa maelezo hayo anaweza kukuambia kama ni kifaa cha kutumiwa kwa basi au lazima mje wenyewe. Ila uvimbe au usaha nyuma ya sikio, homa na shingo kukakamaa, hapo usihangaike na waya wala betri, ni KCMC au hospitali yoyote kubwa iliyo karibu siku hiyo hiyo, na uwaambie mlangoni kabisa kwamba mtoto ana implanti, wajue kabla hawajampeleka kwenye MRI, ile mashine ya picha yenye sumaku kali.