Somo: Kujadili mshahara wa kazi ya kwanza ya uhasibu Nairobi

Wiki hii watu sita wameniuliza "niseme ngapi?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa. Msiogope kujadili.

1. Usitaje pesa kabla hawajakwambia wanakutaka.

2. Waulize waliohitimu mwaka mmoja au miwili kabla yako, wenye kazi kama hiyo. Benki, sacco na kampuni ya ukaguzi wa hesabu hazilipi sawa.

3. Taja kiasi, na useme ni ghafi, yaani kabla ya makato. Hapa ndipo nilipoumia. Nilijumlisha kodi ya nyumba, nauli ya kutoka Rongai na ada za mitihani ya uhasibu ya CPA, nikafika 60,000. Nilipoulizwa nataka ngapi nikajibu "elfu sitini," afisa akaandika. Mimi nilimaanisha za kutia mfukoni, yeye aliandika ghafi, nami nikatia sahihi bila kuuliza. Miezi kadhaa nilikopa nauli.

Tazama kwa viwango vya 2025. Ghafi 60,000: NSSF (akiba ya uzeeni) 3,600, SHIF (bima ya afya) 1,650, ushuru wa nyumba za bei nafuu 900, PAYE (kodi ya mapato) takriban 8,538. Unabaki na 45,312 hivi. Ukitaka 60,000 mkononi, omba ghafi ya zaidi ya 82,000. Kama una mkopo wa masomo wa HELB, nao unakatwa hapo hapo. Piga hesabu hii kabla ya mahojiano. Ukiwa umeketi mbele yao, kichwa hakitulii.

4. Hoja yako iwe kazi: umefika wapi na mitihani ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, ulifunga hesabu zipi ukiwa kwenye mafunzo kazini. Kodi ya nyumba ni yako, haiwahusu.

5. Wakikataa kuongeza, omba walipe ada za mitihani, au mshahara uangaliwe upya baada ya kipindi cha majaribio. Iandikwe kwenye barua. Ahadi ya mdomo huondoka na aliyeitoa.

MASWALI

Kijana wa Umoja: Sijasoma yote mkuu, niseme ngapi?
Jibu: Hatua ya 3.

Mgeni wa Jiji: Nilitia sahihi jana. Wewe ulisema watu wasiogope, sasa nimepunjwa.
Jibu: Sikusema utie sahihi bila kusoma. Subiri majaribio yaishe, kisha uende na hoja za kazi uliyofanya.

Binti wa Kahawa: Samahani kaka, kwa nini SHIF umeitoa kabla ya kupiga PAYE? Darasani tulifundishwa tofauti.
Jibu: Swali zuri sana, dada. Mlifundishwa utaratibu wa zamani. Tangu mwisho wa Desemba 2024, SHIF na ushuru wa nyumba hutolewa kwanza, kodi ikapigwa kwa kinachobaki. Zamani ulipewa nafuu ya asilimia 15 ya michango hiyo. Jua pia kwamba mwajiri anaongeza NSSF sawa na yako, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, kwa hiyo unamgharimu zaidi ya ghafi. Ndiyo maana anavuta kamba.

Binti wa Kahawa: Asante. Na majaribio yanaweza kuwa mwaka mzima?
Jibu: Sheria ya Ajira ya 2007 inasema yasizidi miezi 6. Kuongeza ni kwa ridhaa yako, na jumla isipite miezi 12. Wakikuandikia 12 tangu mwanzo, uliza.

Jirani wa Pipeline: Nikianza kazi bado nawasilisha ritani ya kodi ya KRA mwenyewe?
Jibu: Ndiyo, kufikia 30 Juni. Dai fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi yako ya mwaka, kwa mwajiri mapema. Na usiwasilishe ritani ya sufuri, ya kusema hukupata kipato, kwa mazoea ya chuoni. Mwaka huo umeshalipwa mshahara.