Pikipiki ya zamani itembee vizuri bila kumaliza hela: pa kuanzia

Pikipiki ikishakula miaka kumi na tano, ishirini, watu wanaanza kusema imechoka: inayumba, inagonga kwenye mashimo, breki za mashaka, na wazo la kwanza linalokuja ni kuiuza au kuipachika eksozi ya kelele na taa za rangi. Mi naona tofauti kabisa. Fremu haichoki kirahisi, na injini nyingi za zamani ukizipa oili kwa wakati zinadumu sana tu. Kilichochoka ni raba, oili, grisi na beringi, vitu vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyevigusa tangu inunuliwe, kwa hiyo hela yako ya kwanza iende huko na siyo kwenye mapambo.

Tuanze na tairi, na hapa usibane hela hata kidogo. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa kwa macho ila raba imeshakauka, haishiki lami tena hasa ikinyesha, na kila kokoto unalisikia mgongoni. Angalia ubavuni, tafuta maandishi ya DOT, mwisho wake kuna namba nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, yaani 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likifika miaka mitano lianze kukaguliwa kwa makini kila mwaka, ukiona nyufa nyufa kwenye mifereji au ukibonyeza kwa kucha raba haibonyei, badilisha. Na ununue saizi iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Wengi wanavutiwa na tairi pana kwa sababu linapendeza, lakini ukiliweka kwenye rimu nyembamba linabanwa, linabadilika umbo, pikipiki inakuwa nzito kulala kwenye kona na inapoteza ule wepesi wake. Upepo pima tairi likiwa baridi, asubuhi kabla hujatembea, na uwe na kipimo chako mwenyewe maana hakigharimu kitu na vipimo vya kuazima mara nyingi vinadanganya. Upepo ukipungua mbele usukani unakuwa mzito, watu wanadhani ni beringi kumbe ni upepo tu.

Sasa shokapu za mbele, hapa ndo pana utamu wa kazi yote. Ndani ya kila mguu wa shokapu kuna springi na kuna oili, na kila kimoja kina kazi yake, ukivichanganya utatumia hela bure. Springi inabeba uzito, oili inazuia springi isirukeruke. Mtu anaona mbele kunazama sana akishika breki, anaambiwa weka oili nzito, anaweka, baadaye analalamika pikipiki imekuwa ngumu kwenye mashimo madogo na bado inazama, ni kweli itazama, itazama taratibu zaidi tu, manake oili haibebi uzito. Kwa hiyo anza na oili mpya ya uzito ule ule kitabu kinasema, nyingi za barabarani ni 10W (namba ikiwa kubwa oili ni nzito zaidi), na ukitaka kupanda panda hatua moja tu, mfano 15W. Oili iliyokaa humo miaka mingi inatoka kijivu, inanuka, imejaa unga wa chuma, na ukiitoa hiyo peke yake utashangaa mbele kulivyotulia.

Kazi yenyewe inafanyika nyumbani ukiwa na spana sahihi na njia salama ya kuinua tairi la mbele. Toa tairi, kalipa ya breki, kile kibano kinachoshika pedi, ifunge na waya ining'inie, usiiache ikabebwa na hozi yake. Kabla ya kuchomoa miguu legeza bolti ya klampu ya juu, yaani kishikio kinachobana mguu karibu na usukani, halafu ndo ulegeze kifuniko cha juu ya mguu kidogo tu wakati klampu ya chini bado imekaza, maana ukishautoa mguu nje utahangaika sana kuushika. Kifuniko kikikaribia kutoka kigandamize kwa mkono huku unafungua na uso wako uwe pembeni, chini yake kuna springi imebanwa inasubiri kuruka. Mwaga oili ya zamani, pampu mguu juu chini mpaka iishe, weka mpya, pampu tena kwa upole hewa itoke, kisha pima kimo cha oili springi ikiwa nje na mguu umesukumwa chini mpaka mwisho. Miguu yote miwili iwe sawa sawa, hili ni la lazima. Kama oili ilikuwa inavuja badilisha sili, zile raba zinazozuia oili isitoke, na vifuniko vya vumbi papo hapo, na kama chuma kile cha kung'aa kina kutu inayokwaruza kwenye njia ya sili, sili mpya haitamaliza wiki nyingi mpaka hicho chuma kishughulikiwe.

Kisha pima kuzama, yaani mbele kunashuka kiasi gani ukikaa juu yake. Funga kamba ndogo ya plastiki kwenye chuma cha shokapu iguse sili, mtu akushikie pikipiki, kaa ulivyozoea na nguo zako za safari, shuka taratibu, halafu inua mbele mpaka tairi lining'inie na upime kamba imesogea kiasi gani. Kwa pikipiki ya barabarani milimita 30 hadi 40 hivi ni sawa. Ikizidi hapo springi imelala, na dawa ya bei ndogo ni kuongeza urefu wa kile kipande cha bomba kinachokaa juu ya springi, bomba ngumu la plastiki lenye kipenyo kinachofaa lililokatwa sawa na washa ya chuma juu yake linafanya kazi, ongeza milimita 10 kwanza upime tena. Ila elewa kwamba hapo umeinua pikipiki ikae panapostahili, hujaifanya springi iwe ngumu. Kama wewe ni mzito au unabeba mtu kila siku na bado inagonga mwisho, nunua springi ngumu zaidi, na kwa maoni yangu hiyo ndo hela inayolipa kuliko zote kwenye pikipiki ya zamani baada ya tairi.

Nyuma stori ni fupi. Shokapu nyingi za nyuma za zamani hazifunguki, oili ikishatoka imetoka. Bonyeza siti kwa nguvu uachie, ikirudi na kuendelea kudunda hiyo imekufa. Ukinunua nyingine pima urefu kutoka katikati ya tundu la juu mpaka katikati ya tundu la chini, uwe ule ule, na ununue jozi. Kabla hujanunua lakini, angalia zile bushi za raba kwenye matundu na uone kama kile kirekebishio cha springi hakijasahaulika kwenye namba ya chini kabisa. Wengine wanakimbilia dukani wakati shida ilikuwa bushi.

Beringi za usukani ndo zinazofanya watu waogope pikipiki zao bila kujua sababu. Inua mbele, zungusha usukani polepole kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Ikifika katikati ukasikia kama kuna kishimo inaingia, zile golori zimechimba vikombe vyake na hakuna kukaza kutakakosaidia. Pale pale shika miguu ya shokapu chini usukume mbele na nyuma, ikigonga imelegea. Pikipiki nyingi za zamani zilitoka kiwandani na golori zisizofungwa, na unaweza kuweka beringi za rola zenye umbo la koni ambazo zinadumu zaidi, hakikisha tu umeuliza saizi ya modeli yako. Jaza grisi, kaza mpaka ule mchezo, yaani kulegea na kugonga, uishe na usukani uanguke wenyewe kulia na kushoto bila kukwama. Ukikaza kupita hapo pikipiki itayumbayumba kwenye mwendo mdogo.

Ukiwa hapo hapo shika tairi la nyuma ulisukume kulia kushoto, kama kuna mchezo sikiliza unatoka wapi: beringi za tairi au bushi za ule mkono unaolishika tairi. Beringi za tairi ni za saizi za kawaida, namba imeandikwa ubavuni mwake, kwa hiyo unaweza kununua kwa namba kwenye duka lolote la beringi, chukua zenye sili za raba pande zote mbili.

Breki sasa. Kama ni za diski, mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani hata pikipiki ikiwa imesimama, na unyevu unashusha kiwango cha kuchemka: DOT 4 (hapa DOT ni daraja la mafuta ya breki, siyo ile ya tairi) ikiwa mpya inatakiwa ihimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi, ikishalowa kiwango cha chini ni 155. Badilisha kila miaka miwili, na usichanganye na DOT 5 ambayo ni ya silikoni. Hozi za raba za zamani zinatanuka ukibana, nguvu ya mkono inaishia kwenye raba badala ya pedi, ndiyo maana mkono wa breki unakuwa kama sponji. Weka hozi yenye waya wa chuma uliosukwa, bei yake siyo ya kutisha na utaihisi siku ya kwanza. Safisha pistoni za kalipa na zile pini inazotelezea, zipake grisi ya breki, siyo grisi ya kawaida. Kama ni breki za ngoma, usipulize lile vumbi hata siku moja maana shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, lowesha kwanza ndo ufute kwa kitambaa. Shuu zikiwa zinang'aa kama kioo zikwangue kidogo kwa msasa zikiwa bado zimelowa, na rekebisha ule mkono wa nje ili ukibana breki uwe karibu na pembe mraba na fimbo yake au waya wake, hapo nguvu inafika yote. Na kama hujawahi kufanya breki, simama pembeni ya fundi unayemwamini mara ya kwanza, hili halina aibu.

Cheni na sproketi badilisha kama seti, cheni mpya juu ya meno yaliyopinda itaisha haraka sana. Uachiaji wake, yaani cheni inavyocheza juu chini katikati, mara nyingi ni milimita 25 hadi 35 lakini kitabu ndo msema kweli. Watu wanasahau raba zilizo ndani ya habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu, zikishakufa pikipiki inashtuka kila ukiachia na kuvuta mafuta, na ni rahisi kuzibadilisha wakati tairi liko nje. Kama unasafiri sana barabara kuu na injini inalia, jino moja zaidi kwenye sproketi ya mbele linashusha mzunguko wa injini, kutoka 14 kwenda 15 ni kama asilimia 7, ila mlimani utaona imepungua nguvu.

Kebo mpya ya klachi na ya mafuta, zipitishwe vizuri bila kona kali, zinafanya mkono upumzike. Kwa injini safisha kabureta, badilisha filta ya hewa na plagi, angalia raba kati ya kabureta na injini isiwe na ufa. Mtetemo kwenye mikono punguza kwa gripu laini na vizito vya mwisho wa usukani. Siti usitupe, mpe fundi siti aweke sponji ngumu chini na laini juu, sponji laini tupu inakaliwa mpaka unafika kwenye bati.

Fanya kitu kimoja, jaribu kwenye barabara ile ile unayoijua, ndo uende kingine, ukibadilisha vitano kwa mpigo hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu. Tairi jipya liendeshe kwa upole kilomita mia za mwanzo maana bado linateleza, pedi mpya nazo zisibanwe kwa fujo mpaka zikae, na baada ya siku chache rudia kukaza nati za ekseli, bolti za klampu na kupima cheni, hasa cheni, mpya inalegea mapema.