Pampu ya pumu na dawa nyingine: anza kwa kumwaga mfuko mezani

Hatua ya 1. Mgonjwa alete kila anachotumia, mitishamba ikiwemo. Orodha ya kichwani siipokei.

Hatua ya 2. Tenga pampu. Salbutamol, mara nyingi ya bluu, inafungua kifua. Beclometasone, mara nyingi ya kahawia, inatuliza uvimbe na huvutwa kila siku hata kifua kikiwa shwari. Rangi hudanganya, soma jina.

Hatua ya 3. Tafuta majina yanayoishia na "-olol", dawa za kundi la beta-blocker, nyingi za presha na moyo: propranolol, atenolol, timolol. Hizi zinaweza kubana njia ya hewa na kuizuia salbutamol isifanye kazi. Soma yale maandishi madogo chini ya jina la biashara.

Hapa niliwahi kupoteza asubuhi nzima. Bibi mmoja alikuwa akibanwa kila usiku. Nikamfundisha upya kuvuta, nikamtobolea chupa ya maji ya nusu lita apachike pampu ili dawa ifike vizuri kifuani, nikakagua vidonge vyake: safi vyote. Anaaga, akafungua pindo la kanga. "Na hii ya macho, mwanangu, niendelee nayo?" Timolol, ya presha ya macho! Tone hushuka puani kwa mfereji wa machozi, likaingia kwenye damu bila kupitia ini kwanza.

Kwa hiyo yaulizie matone yenyewe. Ukisema "unatumia dawa gani?" hatayataja, kwa wengi dawa ni kidonge. Ila usimwambie aache kivyake: propranolol na atenolol zikikatwa ghafla moyo unaweza kuleta matata, na matone yakiachwa presha ya jicho hupanda. Mwandikie barua, arudi kliniki siku hiyohiyo abadilishiwe. Kwa macho kuna latanoprost, kwa mfano. Akiwa amebanwa hawezi kumaliza sentensi, barua weka kando, apelekwe hospitali.

Hatua ya 4. Aspirini, ibuprofen, diclofenac: je, zimewahi kumbana? Asipojua, mimi natoa parasetamo.

Hatua ya 5. Vidonge vya aminophylline, navyo vya kufungua kifua, sivipendi. Ukiongeza antibiotiki kama ciprofloxacin au erythromycin, kiwango cha aminophylline hupanda kwenye damu: kutapika, moyo mbio, hata degedege.

Hatua ya 6. ARV zenye ritonavir hazipatani na budesonide wala fluticasone, ambazo ni steroidi za kuvuta kama beclometasone. Steroidi hizo mbili hurundikana mwilini, uso ukavimba. Daktari akiuliza maoni yangu, nasema beclometasone. Swali la ARV muulize mgonjwa pembeni, si dirishani mbele ya foleni.