Kusajili na kulikatia bima lori la jeshi ulilonunua mnadani: hatua kwa hatua, Texas

Lori la jeshi la Marekani likitoka kiwandani huenda moja kwa moja kambini. Halipitii kwa muuzaji wa magari, halikatiwi kadi, na wala bima ya kiraia halijui. Linaweza kulitumikia jeshi miaka 30, na siku serikali inapolipiga mnada, kwenye kompyuta za jimbo ni kama gari ambalo halijawahi kuwapo duniani. Kazi ya mnunuzi ni kulitafutia cheti cha kuzaliwa likiwa limeshazeeka.

Mimi niko Texas, na nimeshayapitisha matatu: mawili ya M35A2, lile la tani mbili na nusu lenye magurudumu sita yote yanayosukuma, na moja la tani tano, M923. Ndugu wengi hunipigia simu wakati pesa imeshatoka na lori liko uani, ndipo wanauliza habari za karatasi. Naomba tuanze upande wa pili.

Hatua ya 1: Soma karatasi kabla ya bei

Malori haya huuzwa na kitengo cha jeshi cha kuondoa mali zisizohitajika, DLA Disposition Services, na mengi hupitia mnada wa mtandaoni wa GovPlanet. Kwenye tangazo la kila lori tafuta maneno mawili: SF-97. Hiyo ni fomu ya serikali kuu inayomwezesha mnunuzi kuomba hati ya umiliki jimboni. Ndiyo mbegu ya kile ambacho Tanzania tungekiita kadi ya gari na Kenya logibuku.

Kisha angalia kama fomu hiyo itagongwa kwamba gari ni la nje ya barabara tu. Hamvii, yale magari mapana ya jeshi (Humvee), zilipoanza kuuzwa kwa raia mwaka 2014 zilitoka na masharti hayo, na wengi walidhani ni maneno ya kupita. Si ya kupita. Sheria ya Marekani inayaondoa magari yaliyotengenezwa na kuuzwa moja kwa moja kwa jeshi kwenye viwango vya usalama vya magari ya kiraia, na afisa wa jimbo akiliona neno hilo kwenye karatasi ana sababu ya kukukatalia. Kama nia yako ni kuliendesha barabarani, liache hilo uende kwa lingine.

Ukinunua kwa mtu binafsi, dai hati ya umiliki yenye jina lake. Akikwambia "karatasi zipo, nitakutumia", funga mkoba wako.

Hatua ya 2: Saini ya matumizi

Baadhi ya malori hudai ujaze cheti cha matumizi ya mwisho, fomu ya DLA namba 1822. Unaeleza wewe ni nani na gari utalifanyia nini, kisha unachunguzwa, na hapo unasubiri wiki kadhaa. Jaza kweli tupu. Nawaambia hasa wenzangu wenye ndoto ya kulipakia melini hadi Dar es Salaam au Mombasa: hii ni mali ya kijeshi, na kuitoa Marekani bila kibali cha serikali ni kosa la jinai. Kwa mhamiaji, kosa la namna hiyo haliishii kwenye faini.

Hatua ya 3: Namba ya chesisi

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Magari ya kiraia tangu 1981 yana namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17. Lori la jeshi la zamani lina namba fupi zaidi. Utaikuta kwenye kibati ndani ya kabini, na imegongwa pia kwenye chuma cha chesisi. Hizo mbili na ile ya SF-97 lazima zifanane herufi kwa herufi. Namba kubwa zilizopakwa kwenye boneti au bampa ni za usajili wa jeshi na za kikosi, si namba ya chesisi. Nimeona watu wakiziandika kwenye maombi yao.

Nenda na tochi, brashi ya waya na kitambaa. Rangi ya jeshi huwa imerundikana tabaka juu ya tabaka, na ile ya kuanzia miaka ya 1980, inayostahimili kemikali za vita, vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Usiikwangue mdomo wazi. Vaa barakoa inayofaa au tumia dawa ya kuyeyusha rangi. Namba ikitokea, ipige picha, kisha ipake chaki na uipige tena.

Lori langu la kwanza lilikuwa na sifuri kwenye chuma na herufi O kwenye fomu. Niliona ni jambo dogo. Karani hakuliona hivyo, na alikuwa na haki: kazi yake ni kuzuia magari ya wizi. Fomu ilirudi kwa walioitoa, nikasubiri wiki saba, lori likilala kwenye maegesho ya kulipia. Tangu siku ile nalinganisha namba kabla lori halijaondoka kwenye uwanja wa mnada.

Kama bado kuna shaka, Texas ina fomu VTR-68-A, ambapo askari mwenye mafunzo ya wizi wa magari hukagua namba na kutia saini. Pigia kituo simu kwanza, maana si kila askari anaruhusiwa.

Hatua ya 4: Lilete kwa lobedi

Usiliendeshe kutoka mnadani. Halina namba, halina bima, na breki zimekaa bila kazi kwa muda usioujua. M35A2 ina breki za mafuta zinazosaidiwa na upepo, na mfumo wake wa mafuta ni mmoja kwa magurudumu yote: ikipasuka paipu moja, huna breki hata kidogo. Lori tupu lina pauni zipatazo 13,000, karibu tani sita. Badilisha paipu za mpira na silinda za magurudumu kabla hujalipeleka mbali. Taa na viashiria hakikisha vinawaka, ukikumbuka kwamba umeme wake ni volti 24. Gari binafsi lisilo la biashara Texas halidaiwi tena ukaguzi wa usalama tangu Januari 2025, lakini hilo limeuhamishia ukaguzi mikononi mwako.

Hatua ya 5: Bima

Bima inatangulia usajili. Dirishani utaombwa uthibitisho wake. Na kabla ya kumpigia wakala, amua lori litafanya kazi gani, kwa sababu bima na namba za usajili lazima ziseme jambo moja.

Kama ni la maonyesho, gwaride na kukutana na wenzako, tafuta kampuni za magari ya kale, kama Hagerty. Hizi huzoea namba fupi. Watataka ulihifadhi mahali pa kufungika, uwe na gari jingine la kila siku, na usilibebeshe mizigo ya kazi. Swali la mahali pa kulihifadhi hawaliulizi ili kukusumbua tu: M35A2 huwashwa kwa swichi tu, haina ufunguo, kwa hiyo mnyororo na kufuli kwenye usukani ni kitu cha kununua wiki ya kwanza. Wape picha za pande nne, injini, tairi na kibati. Omba thamani ya makubaliano, yaani kiasi mnachokiandika leo ndicho utakacholipwa likiteketea. Bila hivyo watakulipa bei ya soko, na gari lisilo na soko la kawaida hukosa mtetezi siku ya madai.

Kama unataka kubebea kuni, maji au vifaa vya shamba, hiyo ni bima ya lori, na ukilitumia kwa biashara ni bima ya biashara. Wakala mmoja aliwahi kuniandikia M35A2 kama "pikapu" kwa sababu mfumo wake ulikataa namba. Bei ilikuwa tamu. Nilimrudishia, kwa sababu siku ambayo tani sita zimemgonga mtu, kampuni itaulizia pikapu iko wapi, na familia ya aliyegongwa itabaki na mimi peke yangu. Mwambie wakala uzito, mwaka, na urefu wa namba, kisha umwombe apeleke kwa watathmini wa kampuni wenyewe. Soma waraka mpaka mwisho kabla ya kulipa.

Kiwango cha chini cha Texas ni dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa ajali nzima na 25,000 kwa mali. Hiyo ndiyo bima ndogo yetu ya nyumbani, na kwa chuma hiki haitoshi. Mimi nimeongeza bima ya mwavuli, yaani bima ya ziada juu yake.

Hatua ya 6: Dirishani

Pima lori kwenye mizani ya kituo cha malori, uchukue risiti. Beba SF-97 halisi (si nakala), fomu 130-U (ombi la hati ya umiliki na usajili la Texas), uthibitisho wa bima, kitambulisho, risiti ya ununuzi, risiti ya mizani na picha za namba. Nenda ofisi ya mkusanya kodi wa kaunti, asubuhi. Kodi ya mauzo ni asilimia 6.25.

Utachagua usajili wa kawaida, ambao ada yake hupanda kwa uzito, au usajili wa gari lililokuwa la jeshi. Huu wa pili unataka lori libaki na sura na alama zake za kijeshi, na matumizi yawe maonyesho, gwaride na shughuli za klabu, si usafiri wa kila siku. Ukiuchukua kisha ukaonekana na mzigo wa mchanga, umevunja masharti ya namba na ya bima kwa safari moja. Karani asipoujua usajili huo, mwombe kwa upole amwite msimamizi. Nimekwenda na sheria yenyewe mkononi, kifungu 504.502 cha kanuni za usafirishaji, na ilinisaidia.

Hatua ya 7: Leseni yako

Mpaka wa leseni ya kawaida, daraja C, ni pauni 26,000 za uzito wa juu unaoruhusiwa, mzigo ukiwamo. M35A2 iko karibu 23,000 barabarani, inapita. M923 inavuka mpaka na breki zake ni za upepo kamili. Utahitaji daraja B, ambalo kwa matumizi binafsi si lazima liwe la kibiashara. Kampuni ya bima itauliza jambo hili baada ya ajali, si kabla, kwa hiyo lifunge mapema.

Hati ikifika kwa posta, linganisha namba tena na ile ya chesisi siku hiyo hiyo. Kisha mpigie wakala aisome ya kwake kwa sauti, tarakimu moja moja, nawe umesimama mbele ya lori.