Pikipiki ya safari yenye kava la upepo: ubadilishe au ubaki na yako?

Kava la upepo ni plastiki pana inayofunika mbele na ubavu wa pikipiki ili kumkinga dereva. Anza na mwendo wako. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi: kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 90 hupanda zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo anayezunguka Area C, Majengo na Ipagala hapa Dodoma hatafaidika; atabeba uzito na joto la injini mapajani. Anayekwenda Morogoro au Singida kila wiki hatachoka sana shingoni na mabegani.

Lakini kava si dawa ya kila upepo. Kuelekea Iringa, upepo wa mashariki wa kiangazi hukupiga ubavuni, na kava pana huwa tanga. Shika usukani kwa wepesi, punguza mwendo.

Kabla ya kununua, funga kioo cha upepo kwenye pikipiki uliyonayo, uende nacho safari ndefu. Ukingo wake wa juu uishie usawa wa pua au kidevu, uone barabara juu yake. Ukiishia pabaya, hewa iliyovurugika itakupigapiga helmeti, na hapo ni afadhali usiwe nacho kabisa.

Kioo kikikutosha, umemaliza. Kisipotosha, kajaribu pikipiki yenyewe: nyingi huzidi kilo 200, kwa hiyo isukume kinyumenyume kwenye mchanga, na ukiikalia miguu ifike chini.

Muulize fundi wako anafungua plastiki ngapi kufikia betri na plagi. Pikipiki ikianguka hata imesimama, vishikizo vya kava hukatika, na kuvipata Dodoma ni shughuli.